Kuwahi maua kabla msitu haujaezekwa: mwongozo kamili wa matembezi ya majira ya kuchipua katika Great Smoky Mountains

Mara ya kwanza nilipoingia msituni huku Tennessee, Marekani, kutafuta maua ya mwituni, nilirudi nyumbani nikisema hakuna kitu. Nilikuwa nimetembea kilomita nane, jasho limenitoka, nimeona maporomoko ya maji na kindi wawili. Jumamosi iliyofuata nilirudi njia ileile, safari hii nikiwa na kundi la watu kumi na mwongozaji, mama mtu mzima mwenye fimbo na kofia pana. Kwa saa mbili na nusu hatukumaliza hata kilomita mbili, na kwenye daftari nikaandika maua aina ishirini na mbili. Karibu yote yalikuwapo wiki iliyotangulia. Mimi niliyapita kama mtu anayewahi daladala ya mwisho.

Hatua zote zilizoko hapa chini zinalizunguka jambo hilo. Maua haya hayataki miguu yenye nguvu. Yanataka uje kwa wiki yake, uinamishe kichwa, na utembee polepole kiasi cha kuwachosha watoto. Kundi lenye mwongozaji ndilo linalokulazimisha kwenda mwendo huo.

Kwanza elewa kwa nini yana haraka

Nimekulia Muheza, chini ya milima ya Usambara. Msitu niliouzoea hauvui nguo zake zote kwa pamoja. Mti mmoja ukipukutisha, jirani yake amevaa. Misitu ya mashariki ya Marekani ina desturi nyingine. Ikifika Desemba miti mingi iko uchi, na jua linapiga chini moja kwa moja mpaka majani mapya yatokeze, Aprili au Mei kulingana na kimo cha mlima. Hapo katikati, ardhi ikishaanza kupata joto na miti ikiwa bado haijaamka, kuna majuma machache ambayo mwanga upo na maji yapo. Mimea midogo ya chini imepanga maisha yake yote kufuata majuma hayo. Inachipua, inachanua, inafunga mbegu, inaweka akiba ya chakula kwenye mizizi na vitunguu vyake vya ardhini, kisha mingi inanyauka na kutoweka hata kabla ya Juni kwisha. Sehemu kubwa ya mwaka imelala. Ukija Julai na mwongozo huu mkononi utakuta kangaga, kivuli na mbu.

Hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains ilianzishwa mwaka 1934. Iko kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, na ina zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Aina za mimea inayotoa maua humo zinapita 1,500, na hakuna hifadhi nyingine ya taifa Amerika Kaskazini inayoifikia. Mvua ni nyingi, barafu kuu za zamani hazikufika huku kuifagia mimea, na vimo vinatofautiana sana: mabonde ya chini yako kwenye mita 270 hivi, kilele cha Kuwohi kiko mita 2,025. (Ramani za kabla ya 2024 zinakiita Clingmans Dome. Kuwohi ndilo jina la Wacherokee, wenye milima hii kabla ya wengine wote.)

Hatua ya 1: Chagua wiki, usichague tarehe

Watu huuliza, "Maua yanaanza lini?" kana kwamba kuna kengele inayopigwa. Majira ya kuchipua huanzia mabondeni na kupanda mlima polepole. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 100, ua lilelile huchelewa siku tatu au nne. Mabonde ya chini huanza katikati ya Machi. Kwenye mita 1,500 unaweza kukuta Mei mambo yaliyokwisha huku chini wiki kadhaa zilizopita. Mteremko unaotazama kusini hupata jua zaidi na hutangulia; unaotazama kaskazini huchelewa, lakini unyevu wake hukaa na maua huwa mengi zaidi.

Kama una nafasi moja tu kwa mwaka, njoo kati ya tarehe 10 na 25 Aprili, utembee kwenye mabonde ya kati ya mita 400 na 900. Kama una nafasi mbili, ya kwanza iwe mwisho wa Machi. Maua ya Machi ni machache na madogo, ila ndiyo yanayonigusa zaidi: kila kitu bado kina rangi ya kahawia halafu unakuta kitu cheupe kimesimama juu ya majani makavu.

Siku yenyewe, usiwahi sana. Wenye kupenda ndege huamka alfajiri. Wewe anza saa nne asubuhi. Maua kadhaa hufunga usiku na kwenye baridi, na yakifunga hata mtaalamu huyapita.

Hatua ya 2: Pata matembezi yenye mwongozaji

Tukio kubwa ni Spring Wildflower Pilgrimage, linalofanyika majira ya kuchipua tangu mwaka 1951 katika Gatlinburg, mji ulio mlangoni mwa hifadhi upande wa Tennessee. Kwa siku chache kunakuwa na matembezi mengi yanayoongozwa na wataalamu wa mimea, wengine wa ndege, wengine wa uyoga na wadudu. Unajiandikisha mapema na kulipa. Matembezi yanayopendwa hujaa haraka. Nje ya tukio hilo, wahifadhi wenyewe huongoza matembezi katika msimu, na vyama vya wapenda mimea vya miji ya karibu hufanya hivyo wikendi, mara nyingi bila malipo.

Kabla ya kujiandikisha soma maelezo kwa makini, au piga simu uulize. Umbali si swali muhimu sana. Uliza mtatembea kwa muda gani na kwa umbali gani kwa pamoja: kilomita mbili kwa saa tatu ni matembezi ya maua, kilomita kumi kwa saa tatu ni mazoezi. Uliza kundi lina watu wangapi. Likizidi kumi na watano, wa nyuma hawasikii kitu, na njia ni nyembamba. Uliza kama kuna kuvuka mto, kwa sababu mara nyingi daraja huku ni gogo moja refu lililochongwa juu na kuwekwa mkono wa kushikilia upande mmoja. Kama unaogopa kimo, ni bora ujue ukiwa nyumbani.

Kama umekosa nafasi, jiundieni kundi lenu la watu wanne au watano na mmoja wenu apewe kazi ya uongozaji: asome habari za njia, atembee mbele, na asiruhusu mtu kumpita. Napendekeza njia mbili. Ya kwanza ni Cove Hardwood Nature Trail, mzunguko wa kilomita 1.2 hivi unaoanzia uwanja wa pikiniki wa Chimneys; ni mfupi lakini una mlima kidogo. Ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni Porters Creek, eneo la Greenbrier, mashariki ya Gatlinburg. Mwanzo wake ni barabara ya zamani ya kokoto inayopita kuta za mawe na makaburi ya familia zilizolima hapa kabla ya hifadhi. Endelea mpaka uvuke mto kwa daraja la gogo. Ng'ambo yake, wiki za mwanzo na katikati ya Aprili, mteremko mzima hufunikwa na ua dogo jeupe lenye pindo kama za mtandio, *Phacelia fimbriata*. Mara ya kwanza nilidhani ni theluji iliyobaki.

Kuingia hifadhini hakuna kiingilio. Ila tangu Machi 2023 gari likiegeshwa zaidi ya dakika 15 lazima liwe na stika ya maegesho. Bei ilipoanza ilikuwa dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka. Stika ni ya gari, si ya mtu, hivyo jazaneni gari moja. Maegesho ya Greenbrier ni madogo na Jumamosi ya Aprili hujaa kabla ya saa nne. Siku ya kazi ni nafuu kubwa.

Hatua ya 3: Vaa na beba vinavyohitajika

Asubuhi ya Aprili inaweza kuwa nyuzi 4 na mchana nyuzi 20. Vaa tabaka tabaka. Kumbuka kwamba mtasimama sana, na baridi ya kusimama si sawa na ya kutembea. Vaa suruali ndefu ya rangi nyeupe au iliyopauka, ukiichomeka ndani ya soksi, hata kama unaonekana kichekesho: kupe wapo, na juu ya nguo nyeupe unamwona akipanda. Koti la mvua libebe hata jua likiwaka.

Beba kitu cha kupigia magoti. Mimi nina kipande cha mkeka wa mazoezi nilichokikata. Gunia pia linafaa. Mtu asiye na kitu cha kupigia magoti huinama nusu, husema "nimeona", na hajaona. Beba kioo cha kukuzia, chenye kukuza mara kumi. Kama huna, geuza darubini ya ndege: tazama kupitia upande mpana ukiwa umelikaribia ua kabisa, nayo inakuwa kioo cha kukuzia. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, mvua haiifuti. Simu ni ya picha tu, maana mtandao humo karibu haupo; programu ya kutambua mimea na ramani vipakue nyumbani.

Mbwa mwache nyumbani. Katika hifadhi yote anaruhusiwa kwenye njia mbili tu za miguu, na hizi nilizotaja si miongoni mwake.

Hatua ya 4: Jifunze kutazama

Mwongozaji wetu siku ile (wenzangu wote walimwita kwa jina lake la kwanza, mimi nilishindwa, nikamwita Mama, akakubali) alitusimamisha kabla hatujapiga hatua hamsini. Akatuambia kila mtu achague eneo la ukubwa wa mkeka pembeni mwa njia, alitazame kwa dakika mbili bila kusema. Dakika mbili ni ndefu sana ukiwa umesimama. Ile ya kwanza niliona majani makavu. Ya pili ikaanza kutoa vitu: jani lenye madoa kama la chui, kikonyo chenye manyoya, tumba lililofunikwa na jani kama mtoto mgongoni kwenye kanga.

Fanya hivyo kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Macho yaanzie miguuni yatoke nje, yasianzie mbali. Tazama kwenye mashina ya miti mikubwa, kando ya magogo yaliyooza, na kwenye kingo za mawe zilizo usawa wa macho, ambako huhitaji hata kuinama. Geuka nyuma mara kwa mara. Maua mengi huelekea kwenye mwanga, na njia ileile ukiitazama kinyume inakuwa na maua mengine.

Kaa karibu na mwongozaji akisimama, lakini akitembea baki nyuma kidogo. Wa mbele huona anachoonyeshwa. Wa nyuma huona kilichosahaulika.

Na uliza maswali. Usiulize "hili linaitwaje?" peke yake, kwa sababu utapewa jina, utalisahau, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: umelijuaje? Nini kinafanana nalo? Nani analichavusha? Hapo ndipo mwongozaji mzuri anafunguka.

Hatua ya 5: Maswali ya kujiuliza kabla ya kufungua kitabu

Watu huanza na rangi. Rangi inadanganya: ua lilelile huwa jeupe leo, waridi wiki ijayo. Anza na kuhesabu. Petali ngapi? Tatu, nne, tano au nane zinakupunguzia kazi kuliko rangi yoyote. Kisha majani: yako mangapi, yametoka ardhini au kwenye shina, yamekaa wawiliwawili, yamepishana, au yamezunguka shina mahali pamoja? Kingo zake ni laini au zina meno? Kikonyo kina manyoya? Halafu mahali: penye maji, kwenye jiwe, kwenye udongo mweusi? Andika haya kabla ya jina. Mimi nilijifunza vibaya, nikianza na programu ya simu. Inajibu haraka, lakini mwaka wa pili nilikuwa sijui ua hata moja bila yenyewe.

Majina ya kienyeji ya Kiingereza mengi ni vichekesho, na yanabadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Kwa hiyo ninakupa jina la kisayansi, ambalo ukilitafuta popote utapata mmea uleule.

Hatua ya 6: Maua ya kuanza nayo

Aina kumi zinatosha kwa siku ya kwanza. Hizi ndizo ningempa mgeni wangu.

*Hepatica* hutokea mapema kuliko karibu yote. Jani lake lina ndewe tatu na huvumilia baridi yote likiwa limelala chini, limekuwa zambarau-kahawia. Watu wa zamani waliliona linafanana na ini, na jina linatokana na hilo. Maua ni meupe au ya bluu hafifu, vikonyo vina manyoya kama masharubu ya paka.

*Sanguinaria canadensis* ndilo lile tumba lililobebwa kwenye kanga. Jani moja hulizunguka shina, ua jeupe linatokeza juu, na petali hudondoka baada ya siku moja au mbili, upepo ukivuma hata kabla. Mzizi wake ukikatwa hutoa utomvu mwekundu wa chungwa kama damu. Wacherokee wameutumia kupaka rangi vikapu vyao vya matete, na upande wa North Carolina, kwenye mji wa Cherokee ulioko mlangoni mwa hifadhi, ufundi huo bado upo.

*Claytonia* ni ndogo kuliko kucha, petali tano nyeupe zenye mistari ya waridi iliyochorwa kama kwa kalamu. Mistari hiyo humwongoza nyuki kwenye nekta. Kuna nyuki mmoja mdogo wa ardhini, *Andrena erigeniae*, ambaye hulisha watoto wake kwa chavua ya waridi ya maua haya. Ukikaa kimya penye jua utamwona akipita na mizigo ya waridi miguuni. Kukiwa na wingu, ua linafunga.

*Erythronium americanum*, jani la madoa ya chui. Utaona mamia ya majani hayo yakiwa moja moja, bila ua. Mmea wenye jani moja bado haujakomaa. Ukiwa na mawili ndio unaoweza kutoa ua, la njano, linaloinamia chini kama kengele. Kuliona ndani ni lazima ulale, au uweke simu chini ikitazama juu.

*Dicentra cucullaria* huchekesha kila kundi: maua meupe yaliyopangwa juu ya kikonyo kama suruali zilizoanikwa kichwa chini kwenye kamba ya nguo. Nekta iko mbali, kwenye ncha za "miguu" ya suruali, na anayefika ni malkia wa wale nyuki wanene wenye manyoya, kwa sababu ulimi wake ni mrefu. Wadudu wenye ulimi mfupi hutoboa tundu na kuiba. Tafuta matundu hayo, si ajabu kuyakuta.

Kisha kuna *Trillium*, fahari ya milima hii, aina kama kumi. Kila kitu ni tatu: majani matatu, sepali tatu (vile vijani vinavyofunika tumba), petali tatu. *Trillium grandiflorum* ni kubwa, jeupe, na huzeeka kwa kugeuka waridi. *Trillium luteum* ni ya njano na ina harufu ya limau. Iko kwa wingi upande wa Gatlinburg. *Trillium erectum* inanuka kama mbwa aliyelowa, maana inawaita nzi, wala haikukusudia kukufurahisha wewe. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza mmea huu huchukua miaka saba hivi au zaidi. Na majani yale matatu ndiyo yote uliyo nayo: ukichuma ua na majani yake, umeunyang'anya chakula cha mwaka mzima, na huenda usifufuke.

Trillium, *Sanguinaria*, *Dicentra*, *Hepatica* na mengi ya haya hupandwa na sisimizi. Kila mbegu imebandikwa kipande kidogo chenye mafuta. Sisimizi huibeba mpaka shimoni, hula mafuta, na kuitupa mbegu kwenye jaa lao lenye rutuba. Sisimizi haendi mbali, mita chache tu. Ndiyo maana msitu uliowahi kufyekwa ukawa shamba huweza kurudisha miti yake huku maua yakiwa bado yako njiani, na ndiyo maana ukikuta bonde limejaa aina kumi mahali pamoja unatazama udongo ambao huenda haukuguswa na jembe kwa muda mrefu sana.

*Podophyllum peltatum* hutokea kama miavuli midogo iliyofungwa, kisha inafunguka. Mwavuli mmoja haujambo, lakini hauna ua. Tafuta wenye miavuli miwili: ua jeupe limejificha kwenye panda yake. Mmea wote una sumu isipokuwa tunda lililoiva, na kutokana na sumu hiyo wataalamu walitengeneza dawa ya saratani iitwayo etoposide.

*Arisaema triphyllum* inafanana na mhubiri aliyesimama mimbarani, na paa dogo limemfunika kichwa. Mmea mdogo huwa dume. Ukishapata akiba ya kutosha huwa jike na kuzaa matunda mekundu. Mwaka mbaya ukija, hurudi kuwa dume. Usionje kitu hapo, fuwele zake huchoma mdomo vibaya.

*Hexastylis arifolia*: inua kwa kidole kimoja majani makavu chini ya jani lake la umbo la ncha ya mshale. Utakuta vibuyu vidogo vya kahawia vimelala kwenye udongo. Hayo ndiyo maua. Yarudishie blanketi lake.

La kumi ni *Viola*, na lina kisa. Mama aliponiuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania, karibu na Tanga. Akasema kwake dirishani ana "vayoleti ya Kiafrika", amekaa nayo miaka. Nikamwambia hiyo ni jirani yangu wa nyumbani: asili yake ni mawe yenye unyevu ya Usambara, na mbegu zilipelekwa Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1890 na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, ndipo ikaitwa *Saintpaulia*. Wala si ndugu ya vayoleti hizi za msituni. Ni umbo tu lililofananishwa. Katika duka lolote la chakula Marekani unaikuta kwenye chungu cha plastiki. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema atakaporudi ataimwagilia kwa heshima.

Hatua ya 7: Picha na adabu

Piga picha nne za kila mmea usioujua: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, majani, na mmea mzima pamoja na mazingira yake. Watu hupiga ya kwanza tu, kisha nyumbani hawawezi kutofautisha. Mawingu ni rafiki wa picha. Jua kali huunguza petali nyeupe zote kuwa doa. Kivuli cha mwenzako kinatosha.

Usitoke njiani ili kupata picha nzuri. Udongo huu ni laini, na penye ua moja lililochanua pana machipukizi matano usiyoyaona. Ukikutana na kundi lingine, egemea upande wa mawe, si upande wa maua.

Kuchuma na kuchimba ni kosa kisheria, hata ua moja. Mimea kama ginseng na kitunguu mwitu imeumizwa sana na wachimbaji. Kuna jambo moja watu hulichanganya: ukimwona mtu wa Cherokee akikusanya mboga za majani, huenda ana kibali. Mwaka 2019 hifadhi ilikubaliana na Wacherokee wa Mashariki wachume sochani, *Rudbeckia laciniata*, mboga yao ya majira ya kuchipua tangu zamani. Nilipoonyeshwa majani yake nilimkumbuka bibi na mchunga wake.

Dubu wapo. Sheria ni kukaa mbali naye mita 45 au zaidi. Kundi la watu kumi linaloongea kwa kawaida humpa taarifa mapema. Kinachokupata zaidi ya dubu ni mmea mmoja mtambaazi, *Toxicodendron radicans*, unaowasha kuliko upupu na madhara yake hukaa siku nyingi. Majani yake ni matatumatatu, la katikati lina kikonyo kirefu kuliko mawili ya ubavuni, na shina kuukuu linalopanda mti lina nywele kama kamba iliyochakaa. Usilichanganye na trillium, ambayo majani yake yote matatu hukaa sawasawa juu ya shina.

Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Nguo ziende moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali, hata kabla ya kufuliwa; kupe hafi kwa maji peke yake. Jikague makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, na watoto mwilini mote hadi kichwani. Ukimkuta amenasa, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpindisha. Usimchome kwa kiberiti. Ukipata homa au upele wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba ulikuwa msituni.

Jioni hiyohiyo, kabla hujasahau, kaa na daftari. Andika tarehe, njia, kimo kwa kukadiria, na kila ua na hali yake: tumba, limechanua, limepita. Langu lina Aprili tatu sasa. Mwaka wa kwanza, tarehe 9, Porters Creek: *Phacelia* "nyeupe tupu". Mwaka wa pili, tarehe ileile: "imeanza kupauka, tumechelewa." Mwaka wa tatu, tarehe ileile tena: "matumba, baridi, mvua, Mama hakuja." Kwa hiyo safari hii sikuomba siku moja kazini. Nimeomba mbili, tarehe 4 na tarehe 14, na bosi ameuliza kama ni msiba.